NetworkManager kwenye Linux Mint: miezi 14 ya waya, waifai na bando hapa steshenari

Nimeipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana nitaieleza huko chini maana wengi mtakutana nayo. Ninayoisemea hapa ni NetworkManager, ile programu iliyo nyuma ya kale kaikoni ka mtandao pembeni mwa saa kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaotumika badala ya Windows. Watu wanaitumia kila siku na hata jina lake hawalijui, wakikwama wanasema "Linux haishiki intaneti", ukifuatilia unakuta ni chipu ya waifai, au waya umeumia, au ni swichi ndogo tu ubavuni mwa laptopu imesukumwa.

Mimi na dada yangu tuna steshenari Mbagala. Tunatoa kopi, tunaprinti, tunaskani, tunawajazia watu fomu za mtandaoni, maombi ya vyuo, mikopo, ajira, kwa hiyo intaneti ikikata mteja anasimama pale kaunta anakuangalia tu. Tuna mashine nne: desktopu mbili za zamani zisizo na waifai kabisa, ThinkPad T430 ya mtumba, na laptopu nyingine ya mtumba ambayo ndiyo iliyonifundisha nusu ya haya ninayoandika. Tulihamia Linux Mint kwa sababu ya fleshi za wateja, kila fleshi inayochomekwa inakuja na vile virusi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati, tulichoka kusafisha mashine kila jioni. Hivi sasa mashine zote nne zipo kwenye Mint 22 Cinnamon.

Kwanza ujue unachokitumia. NetworkManager ilianzishwa na watu wa Red Hat mwaka 2004, na leo ndiyo unayoikuta kwenye Mint, Ubuntu, Fedora na karibu desktopu zote kubwa za Linux. Yenyewe haifanyi kila kitu, ni kama msimamizi wa kazi pale saiti. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ipo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), mambo ya paswedi za waifai anashughulikia wpa_supplicant, modemu za laini anashughulikia ModemManager, halafu NetworkManager anawapanga wote na kukuletea menyu moja. Ukilielewa hili hutamlaumu msimamizi kwa kosa la fundi, na utajua uanzie wapi kutafuta tatizo.

Upande wa waya sina neno. Unachomeka, sekunde mbili tatu ruta inatoa anwani, ile namba ya mashine kwenye mtandao, umeingia. Kitakachokushangaza ni majina tu, ukitoka kwenye maelezo ya zamani ya eth0 na wlan0 unakuta kadi yako inaitwa enp3s0 na waifai inaitwa wlp2s0. Usiogope, hayo majina yalikuja na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) toleo la 197 mwaka 2013 na yanatokana na mahali kadi ilipokaa kwenye ubao, ili mashine yenye kadi mbili zisibadilishane majina kila ukiwasha. Ukitaka kuyaona yote fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike

nmcli device status

hapo unaona kila kadi, ni ya aina gani na imeunganishwa na nini. Hiyo amri moja ndiyo ninayoanza nayo kila mteja akiniletea mashine, kabla sijabonyeza chochote.

Desktopu moja ndiyo yenye printa yetu kubwa na wenzake wanaprinti kupitia kwake, kwa hiyo nilitaka anwani yake isibadilike. Unaweza kubofya kwenye mipangilio, sehemu ya IPv4 ukachagua ya kujaza kwa mkono, mimi nimezoea terminali:

nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 192.168.1.1

Halafu hapa ndipo watu wengi wanapopotea, ukishahifadhi hakuna kinachobadilika mpaka hiyo koneksheni uiinue upya kwa nmcli con up "Wired connection 1". Siku ya kwanza nilikaa karibu nusu saa naangalia anwani ileile ya zamani nadhani nimekosea kuandika, kumbe mabadiliko yapo kwenye faili ila koneksheni inayoendelea bado inatumia ya mwanzo. Na hiyo namba ichague nje ya zile ambazo ruta inagawa yenyewe, ingia kwenye ruta uangalie inagawa kuanzia ngapi mpaka ngapi, la sivyo siku moja simu ya mteja itapewa 50 na printa itapotea.

Sasa kisa cha waya. Kuna wiki kunakili mafaili kati ya desktopu mbili kulikuwa kunachukua muda mrefu ajabu, skani za kitabu kizima cha mteja zinatembea kama zinabebwa na mkokoteni. Nikadhani ni Linux, nikadhani ni diski. Nikaandika sudo ethtool enp3s0 nikaona Speed: 100Mb/s wakati kadi zote mbili na swichi, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mashine, ni za gigabiti, yaani 1000Mb/s. Waya wa Cat5e una jozi nne, spidi ya 100 inatumia jozi mbili tu ila gigabiti inazitaka zote nne, kwa hiyo jozi moja ikikatika kadi zinakubaliana kushuka chini na mtandao unaendelea kama kawaida, hakuna taa nyekundu wala ujumbe. Kumbe mguu wa kiti cha wateja ulikuwa umekaa juu ya waya miezi kadhaa. Nikakata kichwa, nikasogeza, nikabana RJ45 mpya kwa mpangilio uleule wa rangi pande zote mbili, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ikarudi 1000. Waya tumeupitisha juu ukutani siku hiyohiyo.

Waifai ndiyo yenye maneno mengi.

T430 yetu ina kadi ya Intel 6205, hiyo tangu kwenye fleshi ya kuinstolia ilishika yenyewe, 2.4 na 5 GHz zote. Kadi za Intel draiva yake iwlwifi ipo ndani ya kerneli na fimuwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, inakuja na Mint, hufanyi chochote. Ila ile laptopu nyingine niliwasha nikakuta menyu inaonyesha waya peke yake, neno waifai halipo kabisa. Aliyetuuzia nikampigia akasema "bro hiyo Linux ndio shida, rudisha tu Windows". Nilikaribia kurudisha kweli. Kabla ya kukata tamaa nikaandika

lspci -nnk

na kwenye mstari wa Network controller nikaona jina la chipu lakini chini yake hakuna ule mstari wa "Kernel driver in use". Huo mstari ndio jibu la kila kitu. Ukiwepo, draiva imeshika na shida yako iko mbele zaidi, paswedi au mawimbi au swichi. Usipokuwepo, hata ukibofya menyu mpaka kesho hakuna kitakachotokea maana msimamizi hana fundi wa kumtuma.

Chipu nyingi za Broadcom kwa mfano, zikiwemo za MacBook Air nyingi kama ya 2013, zinahitaji draiva iliyofungwa ambayo haiko ndani ya kerneli, kwenye Ubuntu na Mint ipo kwenye pakiti inaitwa bcmwl-kernel-source na kwenye Debian ni broadcom-sta-dkms. Mint ina Driver Manager, unaifungua, inakuonyesha draiva, unachagua, unawasha upya, kwisha. Lakini sasa unaona mtego, draiva inabidi uidownload na mashine haina intaneti, na hiyo MacBook Air haina hata tundu la waya.

Na hapa ndipo NetworkManager iliponifurahisha kuliko sehemu yoyote. Chukua simu yako ya Android, chomeka kwa USB, kwenye simu washa USB tethering, basi. Linux inaiona simu kama kadi ya waya, NetworkManager inaomba anwani, umeingia mtandaoni bila draiva yoyote na bila kuandika kitu. Kwenye orodha itaitwa usb0 au jina refu linaloanza na enx. Nikadownload draiva kwa bando la simu, nikawasha upya, waifai ikatokea. Tangu siku hiyo waya wa USB haukosi kwenye begi langu la ufundi, na ushauri huu nimeshawapa watu wengi waliokuwa njiani kurudisha laptopu zao dukani.

Mteja mwingine, mwanafunzi, alikuja na ThinkPad anasema waifai imekufa, ameshaambiwa abadilishe kadi. Nikaandika amri ya rfkill list ikaonyesha Hard blocked: yes. Hiyo maana yake ni swichi ya kushikika, haiwashwi na programu yoyote. Ipo ubavuni, ndogo, inasukumwa na begi. Nikaisukuma kwa kucha. Ingekuwa Soft blocked ningeandika rfkill unblock wifi. Hakulipa kitu, nilimwambia anunue tu karatasi akiprinti tena.

Kitu kingine ambacho Mint na Ubuntu zinakuja nacho ni kubana umeme wa kadi ya waifai. Kwenye laptopu ya kutembea nayo ni sawa kwa betri, ila kwetu laptopu imechomekwa ukutani kutwa. Kwenye ile laptopu ya pili nilikuwa naping ruta (naitumia ujumbe mdogo na kupima inachukua muda gani kujibu) iliyo mita nne tu, majibu yanaruka kutoka milisekunde 3 mpaka 200 na zaidi, ukurasa wa fomu unasita halafu unakuja ghafla. Nikafungua faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, ndani kuna wifi.powersave = 3, nikaweka 2 maana 2 ni kuzima na 3 ni kuwasha, nikaandika sudo systemctl restart NetworkManager. Ping ikatulia. Kama waifai yako ya Linux inasitasita na mawimbi yamejaa, jaribu hili kabla hujanunua kitu chochote.

Mkichomeka waya na waifai pamoja wengi wanauliza ipi inatumika. Jibu ni waya. NetworkManager inaipa kila njia namba, waya 100 na waifai 600, na namba ndogo ndiyo inayopitiwa. Ni uamuzi mzuri ila utakubana siku waya unashika ruta lakini ruta yenyewe haina intaneti, bando limeisha tuseme, na wewe umewasha hotspoti ya simu unashangaa mbona bado hakufunguki. Ule ukaguzi wa intaneti wa NetworkManager ukiwa umewashwa, njia isiyofika nje inaongezewa 20000 kwenye namba yake na trafiki inahamia waifai yenyewe. Ukiwa umezimwa, chomoa waya tu, ndiyo dawa ya haraka.

Halafu kuna kugawa. Siku moja mtoa huduma wetu alikata tangu asubuhi, ilikuwa msimu wa maombi ya vyuo, watu wamejaa hadi nje. Desktopu hazina waifai, hotspoti ya simu haiwasaidii. Nikachomeka simu kwa USB kwenye T430, nikachukua waya wa T430 nikauingiza kwenye swichi, kisha kwenye koneksheni ya waya sehemu ya IPv4 nikachagua kushirikisha kompyuta nyingine, ambayo kwa amri ni ipv4.method shared, nikaiinua. T430 ikawa ruta, ikajipa anwani 10.42.0.1 na kuwagawia wengine 10.42.0 na kitu. Usisahau kuchomoa ruta ya kawaida kutoka kwenye swichi kwanza, maana wagawaji wawili wa anwani kwenye swichi moja ni vurugu, mashine hii inapewa na huyu ile inapewa na yule. Na ile desktopu ya printa niliyoipa anwani ya mkono ilibidi niirudishe kwenye ya kupewa kwa siku hiyo, ndio ikaingia. Tulifanya kazi mpaka saa mbili usiku. Dada aliniuliza nimenunua kifaa gani, nikamwonyesha simu yangu ipo mezani inachajiwa na laptopu. Kwa duka dogo kama letu hili peke yake linatosha kunifanya nisiondoke.

Kwa sababu ya bando, kitu kimoja zaidi: unaweza kuiambia koneksheni kwamba ni ya kupimiwa, nmcli con mod "jina" connection.metered yes, na programu zinazouliza hali hiyo zitaacha kuvuta mizigo mikubwa. Hotspoti ya Android mara nyingi inajitambulisha yenyewe na NetworkManager inaelewa. Sio programu zote zinaheshimu, kwa hiyo apdeti mimi naziendesha mwenyewe usiku.

Modemu za laini nitapita haraka. Zile za zamani zinajitokeza kwanza kama CD, halafu usb_modeswitch inazigeuza kuwa modemu, ModemManager inazishika, unachagua nchi na mtandao wako kwenye orodha na APN, yale mipangilio ya intaneti ya laini, inajijaza. Zile za aina ya HiLink za Huawei hata huhitaji hayo, zinaonekana kama waya na ukurasa wake ni 192.168.8.1.

Haya, nyota niliyoibana. Ujumbe wake wa makosa hausaidii. Inakwambia koneksheni imeshindikana, nukta. Mbaya zaidi ni kile kidirisha cha paswedi kinachorudi na kurudi hata kama paswedi ni sahihi kabisa, mtu anaandika mara kumi anaanza kudhani amesahau paswedi ya nyumbani kwake. Kumbe mara nyingine ni ruta iliyowekwa WPA2 na WPA3 (aina mbili za ulinzi wa waifai, ya zamani na mpya) kwa pamoja na kadi ya zamani haielewani nayo. Kwenye ruta ukiweka WPA2 peke yake mara nyingi inapona, au kama ruta si yako, kwenye mashine andika nmcli con mod "jina" 802-11-wireless-security.pmf 1 uzime ule ulinzi wa fremu (jumbe ambazo ruta na kadi zinatumiana kusimamia muunganisho) halafu ujaribu tena. Sababu yenyewe utaiona ukiandika journalctl -u NetworkManager -f halafu ukaunganisha huku unaangalia, mistari inapita na humo ndimo ukweli ulipo. Lakini dada yangu hatafungua hiyo, na wala hapaswi kuifungua. Programu inajua sababu, imeiandika kwenye logi, ingemwambia mtumiaji kwa sentensi moja.

Pia angalia ile alama ya kuruhusu watumiaji wote watumie koneksheni. Usipoiweka, paswedi inakaa kwenye akaunti yako na mashine haiunganishi mpaka uingie, laptopu ikiwashwa asubuhi na mtu mwingine haionekani mtandaoni. Ukiiweka, paswedi inakaa kwenye faili la mipangilio ya mfumo kama maandishi ya kawaida, anayeweza kuisoma ni root tu, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Kwa hiyo ukiuza laptopu futa koneksheni zote kwanza, ama instolia upya kabisa, usimpe mnunuzi paswedi ya waifai ya nyumbani na ya ofisini kwa pamoja.

Mbadala upo. Zamani watu walikuwa na wicd, ilikuwa nyepesi na nzuri lakini ilibaki kwenye Python 2 ikaachwa. Kuandika /etc/network/interfaces kwa mkono bado kunawezekana kwenye Debian, ila ujue kadi ukishaitaja humo NetworkManager inaiacha na kwenye orodha inaandikwa unmanaged, nimeshatoa mistari hiyo kwenye mashine mbili za watu waliofuata maelezo ya zamani. systemd-networkd ni safi kwa seva. Kwa mashine ya kaunta inayotumiwa na watu watatu tofauti, sijaona kinachoizidi hii.

Wanaouliza dongo ya waifai ya USB, kale kakifaa ka kuchomeka, kwa desktopu: usiangalie kasha, angalia chipu, maana jina lilelile la dongo linaweza kuwa na chipu tofauti mzigo unaofuata. AR9271 inashika mara moja kwa draiva ya ath9k_htc, ila ni 2.4 GHz tu na mwisho wake 150Mb/s kwenye karatasi. RTL8821CU iliingia kwenye kerneli kuanzia 6.2, kwa hiyo kwenye Mint 22 inayotumia 6.8 usihangaike kukompaili (kutengeneza mwenyewe kutoka kwenye kodi) draiva kutoka kwa watu usiowajua. MT7612U ipo ndani tangu 4.19 na inashika 5 GHz. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoagiza kwa ile desktopu isiyo na printa, ikifika nitaifunga kwenye tundu la USB 3 na kuipima kutoka kaunta mpaka ruta, halafu nitaongeza namba zake hapa chini.